Chama, Yaani Ukoo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda nyuma ya Land Rover ya Chama nikiwa nimevaa viatu vya kuazima, vikanibana mpaka nikavivua njiani. Tulikuwa tunatoka Mogitu kwenda Gehandu kwenye mkutano wa hadhara. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mkalimani wa ofisi ya wilaya, lakini sikio lake moja lilikuwa limeziba na la pili lilikuwa linafuata. Alishaanza kutafsiri mambo ambayo viongozi hawajasema. Ofisi ikamwambia atafute mtu wa kumsaidia, naye akanileta mimi, mpwa wake Paulina, niliyekuwa nimemaliza darasa la saba na sina shughuli nyingine nyumbani zaidi ya kubishana na watu.

Lugha tatu nilikuwa nazo bila kuzitafuta. Baba yangu ni Mwiraqw, mama yangu Mdatoga, na Kiswahili nilikipata shuleni kwa fimbo. Siku hizi wajukuu wangu wananiambia kwamba simu inatafsiri kila kitu, kwa hiyo kazi niliyoifanya mimi ilikuwa ya bure tu. Niliwaambia waiambie hiyo simu iseme Kidatoga. Waliibonyeza weee, mpaka wakaenda kuichaji.

Mjomba alinifundisha kazi yote humo humo njiani, huku vumbi linatuingia mdomoni.

"Simama kushoto kwa kiongozi, nyuma kidogo," alisema. "Usimtazame yeye, watazame watu. Akivuta maneno marefu kuliko pumzi yako, kohoa."

Hiyo ya kukohoa ndiyo tuliyoiita kukata. Mkalimani wa mkutano hasubiri hotuba iishe, anaipokea kipande kwa kipande. Kiongozi mzuri alikuwa anajua kujikata mwenyewe, anasema sentensi moja na kunyamaza. Kiongozi mbaya ilibidi umkohoe, na wengine ukiwakohoa wanakupa pole na kuendelea.

"Na Chama nikiiteje kwa Kidatoga?" nilimuuliza.

"Sema ukoo. Mwanachama ni mtoto wa ukoo. Mwenyekiti ni mzee wa ukoo."

"Lakini Mjomba, Chama siyo ukoo."

"Unalo neno lingine?"

Sikuwa nalo. Kwa Kiswahili chama ni kitu chochote, kuna chama cha ushirika, chama cha kuweka na kukopa, hata chama cha mpira. Kwa mama zangu wa uwanda wa Hanang, watu wanaosimama pamoja, na mmoja wao akikosea wote wanaulizwa, hao ni ukoo. Nikauliza tena, "Na pale wanaposema 'Zidumu fikra sahihi'?" Mjomba akafikiri. "Hapo inua mkono tu," akasema.

Kwenye karatasi za ofisi nilikuwa mhudumu, maana cheo cha mkalimani hakikuwepo kwenye muundo. Asubuhi nilifagia na kuchemsha chai, mchana nikasimama mbele ya umati nikiwa sauti ya wilaya nzima. Katibu wa kwanza niliyemtumikia alitoka pwani, alikuwa mpole, ila alipenda mafumbo, na mafumbo ya bahari huwezi kumtafsiria mtu ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya ziwa la magadi. Wa pili alikuwa wa amri. Huyo kumtafsiri ilikuwa rahisi, lakini nilikuwa narudi nyumbani nimechoka moyo, kwa sababu matusi ya kiongozi yanapita kwenye mdomo wa mkalimani, na watu wanamkumbuka aliyeyasema kwa lugha yao.

Wa tatu ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Jina lake nalihifadhi. Sisi tulimwita Ndugu Katibu, na mpaka leo nikisema Katibu bila kuongeza kitu, watu wa umri wangu wanajua ni nani.

Alikuwa mtoto wa Tumati, wa familia ya wakulima na katekista. Alianza kama mwalimu wa shule ya msingi, Chama kikampeleka kusoma siasa Ulaya ya Mashariki, akarudi na koti zito ambalo hata baridi ya Mbulu haikulihitaji. Alirudi pia anasema wazi kwamba yeye ni Mkomunisti, siyo mjamaa wa kuitikia tu. Baba yake katekista alisali kwa ajili yake siku nyingi. Lakini kijana huyo Mkomunisti aliendelea kwenda kanisani kila Krismasi, akiimba besi, na alipoulizwa alijibu kwamba sauti yake haina itikadi.

Kupanda kwake kulianzia hapo hapo Tumati, alipokuwa Katibu Kata. Watu walikuwa wametolewa kwenye miteremko yao na kupangwa kwenye kijiji cha mistari, nyumba zimetazamana, na mashamba yenye samadi yameachwa kule juu. Yeye aliwaambia walale kijijini kama mkoa unavyotaka, lakini walime kule kule wanakojua udongo wake. Mwaka wa njaa, vijiji vya jirani vilisubiri mahindi ya msaada na Tumati ikala ya kwake. Mkoa ulikuwa na hamu ya mfano wa kuonyesha wageni. Wageni wakaletwa Tumati, wakapiga picha, na muda si mrefu Katibu Kata akawa Katibu wa Wilaya. Hakuna aliyewaambia wageni kwamba yale mahindi yalitokana na kutotii.

Kumtafsiri yeye ilikuwa raha, nasema kweli. Alijikata mwenyewe. Tena alibadilisha mkutano wenyewe: viongozi walikaa chini kwenye nyasi, wananchi wakaanza kusema, na hotuba ikaja mwisho kama majibu. Aliwakataza mgambo kuwaswaga watu kwenda shamba la kijiji. "Ujamaa wa kufukuzana siyo ujamaa," alisema, nami nikasema kwa Kidatoga kwamba ukoo wa kuchapana siyo ukoo, na wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Neno lake kubwa lilikuwa kujikosoa. Alilileta kutoka kule alikosoma, na alilitumia kila mkutano: Chama kisichojikosoa kitaoza kikiwa kimesimama. Hilo nalo halikuwa na mwenzake kwa Kidatoga. Mtu hajikosoi, anakosolewa na baraza, anatozwa faini, anatoa ng'ombe, mambo yanaisha. Basi nikatafsiri kwa kadiri ya uwezo: ukoo mzuri unajitoza faini wenyewe. Watu walilipenda neno hilo kuliko maneno yake yote. Kina mama wa Gehandu walikuwa wakinikuta gulioni na kunitania, "Paulina, ukoo wako umeshajitoza leo?"

Hawakujua, na sisi hatukujua, kwamba siku ya kuulizana ipo njiani.

Ilikuwa wakati wa mavuno. Katibu alikuwa ameitwa mkoani kikaoni, na ofisi ikabaki chini ya Katibu Msaidizi, mtu wa kuhesabu vyeo vya wenzake. Shamba la kijiji Gehandu lilikuwa bado limejaa mahindi, na huyu bwana akaona hiyo ndiyo nafasi ya kuonyesha kwamba upole hauvuni. Akawatuma mgambo wazungukie maboma na kuwatoa watu. Mgambo wakaingia kwenye nyumba ya mama aliyejifungua, akiwa bado kwenye siku zake za kukaa ndani. Wakamtoa nje na kichanga chake, juani, mbele ya wanaume.

Kwa wasomaji ambao hawatoki kwetu nieleze. Wadatoga wana baraza lao, linaitwa girgwageda, na wanawake wana la kwao wenyewe. Mwanaume akivunja heshima ya uzazi, baraza la wanawake linakaa na kumtoza dume jeusi la ng'ombe. Hakuna mwanaume anayebishana nalo. Mumeo anaweza kuwa mzee wa watu wote, kina mama wakikaa kwa ajili yake anaenda kutafuta dume.

Katibu aliporudi alikuta kina mama wamekaa mbele ya ofisi ya kata Gehandu, wengi, na sketi zao za ngozi, wanaimba. Walikuwa wamekataa kusema na mtu yeyote isipokuwa yeye. Kiongozi wao alikuwa Mama Gidamis, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe toka ng'ambo ya bonde. Tulishuka kwenye gari, mimi, Katibu na Katibu Msaidizi.

"Shikamoo mama," Katibu alisema.

Mama Gidamis hakuitikia. Alisema maneno yake polepole, akinitazama mimi.

"Anasema nini?" Katibu akauliza.

"Anasema ukoo wako umeingia nyumba ya mzazi."

"Ukoo wangu? Wale mgambo mmoja ni Mnyaturu, mwingine katoka Singida mjini."

"Chama, Ndugu Katibu. Kwao Chama ni ukoo. Ndivyo alivyotafsiri Mjomba, na mimi nimefuata. Umehutubia hivyo siku zote."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. Katibu Msaidizi akasema kwamba huu ni ukabila na ushirikina, tuite polisi. Katibu akanivuta pembeni kidogo.

"Ungeweza kusema nini badala ya ukoo?"

"Ningesema serikali."

"Na serikali wanaitoza faini?"

"Hapana. Serikali wanaiogopa tu."

Nilimwona anatazama yule mama mzazi, aliyekuwa amekaa katikati ya wenzake amefunikwa ngozi kichwani. Halafu akarudi mbele, akavua kofia.

"Tafsiri," akaniambia. "Chama kimekosa. Na neno la Chama liseme kama ulivyozoea kulisema."

Nikasema: ukoo wetu umekosa. Mama Gidamis akauliza swali moja tu: nani atatoa dume?

Alilitoa yeye, kwenye zizi la baba yake Tumati. La kwanza lilikataliwa kwa sababu lilikuwa na unywele mweupe mkiani. Mama Gidamis aliukunjua mkia ule kama mtu anayekagua kitenge dukani, akatikisa kichwa. Katibu Msaidizi alifurahi sana siku hiyo. Katibu akapanda tena milimani, akarudi na jingine, jeusi mpaka kwato. Kina mama wakamwita katikati yao, wakamwimbia, wakampaka siagi kichwani, na siagi ikamtiririkia kwenye kola ya suti yake ya kijani. Watu waliokuwepo walisema kwamba hawajawahi kuona mkubwa aliyekubali. Wiki ile shamba la kijiji lilivunwa lote, bila mgambo.

Habari zilifika mkoani kabla siagi haijakauka. Zilipelekwa na mtu mwenye haraka, na mnamjua. Kamati ikaja wilayani kumhoji Katibu, na tuhuma zilikuwa mbili: amekubali hukumu ya baraza lisilotambulika, na amewaambia wananchi kwamba Chama ni ukoo. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa na sumu. Siku hizo kuitwa mkabila ilikuwa ndiyo mwisho wako.

Asubuhi ya kikao, mjumbe mmoja wa kamati, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyempenda Katibu, alinikuta jikoni nachemsha chai yao.

"Binti," aliniambia, "mambo haya yanaweza kuisha leo hii. Wewe useme ulikosea kutafsiri. Yeye alisema Chama, wewe ukasema ukoo kwa kutokujua. Utaondoka hapa, lakini tutakutafutia pa kwenda. Yeye atabaki."

Nilikubali hapo hapo, wala sikuona shida. Nilikuwa nimeshaona ofisi bila Katibu inavyofanya kazi kwa siku chache tu, na nilimwona yule mama juani. Mimi nikimwaga unga wangu, wilaya nzima inabaki na mtu wake. Nilibeba trei ya chai nikiwa na amani kabisa.

Waliponiita mbele, mwenyekiti wa kamati akauliza, "Wewe ndiye mkalimani? Katibu alisema nini, na wewe ulisema nini?"

Nikafungua mdomo. Katibu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtuhumiwa na ile ile suti ya kijani, doa la siagi kwenye kola limekataa kutoka. Aliniona usoni, akajua ninachotaka kusema, kwa sababu miaka yote ile alikuwa anajifunza kunisoma kama nilivyojifunza kumsoma yeye. Akakohoa. Akanikata, mimi niliyekuwa na kazi ya kukata wengine.

"Mwenyekiti, mkalimani hajakosea," akasema. "Nililijua neno hilo kabla sijamwambia alitumie. Nimefundisha watu hawa kujikosoa. Wao ndio waliolielewa somo, na siku walipotuletea mtihani nisingeweza kukimbia darasa."

"Kwa hiyo unakiri kwamba Chama ni ukoo?"

"Nakiri kwamba kwao kilikuwa ukoo. Na ninyi mnaweza kukiri mlitaka kiwe kitu gani kingine?"

Yule mzee wa ndevu akainamisha kichwa. Walimvua ukatibu kabla ya chakula cha mchana, na uanachama baadaye. Katibu Msaidizi akahamia kwenye meza yake jioni hiyo hiyo. Katibu alichukua koti lake zito, akalifunga nyuma ya baiskeli, akaanza safari ya kurudi Tumati. Nilimfuata mpaka barabarani.

"Ungeniacha niseme," nilimwambia. Nilikuwa nalia kwa hasira.

"Ungesema uongo, Paulina."

"Uongo mdogo! Sasa mgambo watarudi. Utawaambia nini wale mama?"

Aliniambia tu, "Kaa salama, mdogo wangu," akaanza kusukuma baiskeli, maana pale ni mlima.

Na mgambo walirudi kweli. Nilisimama kushoto kwa bwana yule mpya, nyuma kidogo, nikitafsiri amri zake, mpaka nilipoona siwezi tena, nikaomba uhamisho. Nilipelekwa mahakama ya mwanzo, baadaye hospitali, wodi ya wazazi, ambako nilikaa mpaka nilipostaafu. Hospitalini kazi ni ndogo kwa sauti na kubwa kwa uzito. Daktari anasema neno moja, na wewe ndiye unayemwona mama anavyolipokea.

Vijana wanaokuja kunihoji kuhusu enzi zile hupenda kuniuliza kama Katibu alikuwa sahihi. Nilimkasirikia miaka mingi, na sehemu ya hasira hiyo ninayo mpaka leo. Mtu anayetaka kugeuza mambo akiwa ndani, kazi yake ya kwanza ni kubaki ndani. Yeye alitoka na neno lake safi, na wengine wakabaki na wanaowapiga. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Halafu nafikiri upande wa pili: angebaki kwa uongo wangu, Mama Gidamis angejua. Wangelijua wote, maana kesho yake ningelazimika kusimama Gehandu na kuwaambia kwa kinywa changu kwamba dume lile lilikuwa kosa la mkalimani, kwamba hakuna ukoo wowote uliokosa. Sijui ningelisemaje. Nimejaribu mara nyingi, nikiwa peke yangu shambani, kuitengeneza sentensi hiyo kwa Kidatoga, na haikai vizuri.

Katibu alizeeka Tumati akilima vitunguu saumu na kuimba besi. Tulisalimiana kila tulipokutana. Habari za kikao hatukuzigusa tena.

Alipofariki nilipanda gari kwenda kumzika. Msiba ulikuwa wa Kikristo, mkubwa, maturubai mawili na spika. Katikati ya ibada nikaona wanawake wazee wa Kidatoga wanaingia, wachache, wametoka uwandani, vumbi mpaka magotini. Mbele yao Mama Gidamis, amekuwa mfupi sasa, ana mkongojo. Walikaa nyuma kabisa, chini. Nikaenda kukaa nao, kwa sababu Kiswahili chao ni cha gulio tu.

Wakati wa kuweka udongo, mshereheshaji, kijana mwenye kipaza sauti, alianza kuita makundi kama ilivyo desturi. Akaita watoto. Akaita upande wa baba, upande wa mama. Akaita kwaya, majirani, walimu. Kisha, kwa mazoea tu ya misiba ya watu waliowahi kuwa na vyeo, akaita:

"Chama! Wawakilishi wa Chama, karibuni."

Hakuna aliyeinuka. Watu wakatazama viatu vyao. Wengine walijua, wengi hawakujua, na yule kijana akarudia, "Chama? Hakuna mtu wa Chama hapa?"

Mama Gidamis akaniinamia. "Paulina, sasa anaita nani?"

Nilikuwa nimeshastaafu, lakini mdomo haukungoja ruhusa. Nikamjibu kama Mjomba alivyonifundisha nyuma ya ile Land Rover.

"Ukoo," nikasema.

Akashika mkongojo, akainuka. Wakainuka wote. Kwao mzee wa heshima hujengewa kichuguu cha udongo juu ya kaburi, na ukoo ndio unaokijenga. Wakapita katikati ya turubai, polepole, watu wakiwapisha, wakafika kaburini, wakapiga magoti na kuchota udongo kwa mikono miwili.

Mshereheshaji akaweka kipaza sauti pembeni, akaniinamia sikioni. "Shikamoo mama. Samahani, hawa ni kina nani?"

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Ndio hao uliowaita."